Taa ya eabegi ikiwaka, isikilize kabla ya kuizima

NI Jumapili asubuhi. Katika mitaa ya Buruburu, Donholm, Umoja na Komarock, magari yanaoshwa mbele ya malango. Baba amekunja suruali, ndoo ya maji iko kando yake, na watoto wamekabidhiwa vitambaa vya kufutia vioo. Muda si mrefu familia itaingia garini kuelekea kanisani, au kwenda kumjulia hali shangazi kule Kayole. Baba anazungusha ufunguo, injini inanguruma, na taa zote za onyo kwenye dashibodi zinazimika. Zote, isipokuwa moja yenye picha ya mtu aliyeketi, na mbele ya kifua chake duara kama mpira.

“Baba watoto, mbona hii taa nyekundu haizimiki siku hizi?” mama anauliza.

“Hiyo ni ya eabegi tu, mama. Gari si linatembea?”

Kweli, gari linatembea. Breki zinashika, gia zinaingia na redio inaimba. Hiyo ndiyo sababu taa hii hupuuzwa kuliko nyingine zote. Taa ya oili ikiwaka dereva husimama mara moja, kwa kuwa anajua injini itakufa. Taa ya betri ikiwaka hukimbilia kwa fundi kabla gari halijamwacha barabarani. Lakini taa ya eabegi, yaani mfuko wa hewa, haimwadhibu mtu papo hapo. Anaweza kuendesha nayo kutoka Januari hadi Desemba bila kuona tofauti yoyote. Adhabu yake husubiri siku moja tu, siku ya ajali.

Habari njema ni kwamba si kila mara taa hiyo huashiria kasoro kubwa. Mara nyingine chanzo ni betri dhaifu, au plagi iliyolegea chini ya kiti. Mambo kama hayo mwenye gari anaweza kuyachunguza mwenyewe nyumbani bila kulipa hata senti. Hata hivyo, kuna mpaka ambao hapaswi kuuvuka, kwa sababu ndani ya usukani kuna kitu kinacholipuka. Makala haya yanaeleza unachoweza kufanya mwenyewe, mahali pa kusimama, na jinsi ya kutambua kama taa imetengenezwa au imenyamazishwa tu.

TAA INASEMA NINI?

Kila unapowasha gari, kompyuta ndogo ya mfumo wa eabegi, ambayo mara nyingi hufungwa katikati ya gari chini ya dashibodi, hujipima yenyewe. Hupitisha umeme mdogo mno katika nyaya zote za mfumo na kupima kama umeme huo unapita sawasawa. Mwanafunzi wa fizikia ataelewa upesi: kompyuta inapima ukinzani wa saketi. Ukinzani ukiwa mkubwa kupita kiasi, huenda waya umekatika au plagi imeachana. Ukiwa mdogo mno, huenda nyaya zimegusana. Kompyuta ikiridhika, huizima taa. Isiporidhika, huiacha ikiwaka na kuandika namba ya kasoro katika kumbukumbu yake.

Taa inayobaki ikiwaka inatoa ujumbe mmoja: huenda mifuko ya hewa isifunguke gari likigonga. Katika magari mengi kompyuta hufunga mfumo wote, au sehemu yake, mpaka kasoro irekebishwe. Kwa hivyo gari lenye eabegi mbili, nne au sita huweza kuwa sawa na gari lisilo na eabegi hata moja.

KAZI YA SEKUNDE MOJA

Wazo la mfuko wa hewa garini ni la zamani. Mmarekani John Hetrick alipewa hataza ya kifaa cha aina hiyo mwaka wa 1953. Kampuni ya Mercedes-Benz ilianza kuuza gari lenye eabegi ya dereva mwaka wa 1981, na kwa upande wa Wajapani, Honda Legend ilipata yake mwaka wa 1987. Marekani nayo iliamuru magari madogo yote ya kuanzia toleo la 1998 yawe na eabegi mbili za mbele. Karibu kila gari dogo linaloshushwa siku hizi katika bandari ya Mombasa kutoka Japani lina mifuko hiyo.

Gari linapogonga kwa mbele, sensa huhisi kwamba mwendo umepungua kwa ghafla isiyo ya kawaida. Kompyuta hutuma umeme kwa kiwashio kilicho ndani ya kijitungi cha gesi. Kemikali iliyomo huungua na kutoa gesi nyingi kwa mpigo mmoja. Katika eabegi za zamani kemikali hiyo ilikuwa azidi ya sodiamu, nayo gesi ilikuwa naitrojeni, ile ile inayojaa katika hewa tunayovuta. Mfuko hufunguka na kujaa katika sehemu ndogo sana ya sekunde, kabla hata hujapepesa jicho, kisha huanza kunywea kupitia vitundu vyake ili kukipokea kichwa chako taratibu.

Kasi hiyo ndiyo inayookoa, na ndiyo inayoweza kudhuru. Herufi SRS unazoziona kwenye usukani maana yake ni mfumo wa ziada wa kumzuia msafiri. Neno la kushikwa hapo ni “ziada”. Kizuizi cha kwanza ni mkanda, na eabegi ni msaidizi wake. Asiyefunga mkanda hurushwa mbele, akakutana na mfuko wakati unalipuka badala ya wakati unanywea. Wakenya walifundishwa umuhimu wa mkanda kwa nguvu ya sheria mwaka wa 2004, wakati kanuni za aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, John Michuki, zilipoanza kutekelezwa katika matatu. Baada ya miaka hiyo yote, bado kuna mwenye gari dogo ambaye huuvuta mkanda anapomwona polisi tu kwenye Jogoo Road.

Kwa sababu hiyo hiyo, keti ili kifua chako kiwe umbali wa sentimita 25 hivi kutoka katikati ya usukani. Watoto wa miaka 12 na chini wakae nyuma. Usimpakate mtoto kwenye kiti cha mbele, na kamwe usiweke mbele ya eabegi kile kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma.

KWA NINI HUWAKA MITAANI MWETU?

Ukiangalia maisha ya gari la Eastlands, utaona sababu nyingi za taa hii kuwaka.

Kwanza ni betri. Familia nyingi huliacha gari nyumbani Jumatatu hadi Ijumaa, baba na mama wakienda kazini kwa matatu ili kukwepa msongamano na ada ya kuegesha mjini. Gari linalolala siku tano huamka na betri iliyochoka. Umeme ukishuka chini ya kiwango, kompyuta ya eabegi hulalamika.

Pili ni maji. Chini ya viti vya mbele hupita nyaya za mikanda na, katika magari yenye eabegi za ubavuni, nyaya za mifuko hiyo. Kijana wa kuosha magari anapomwaga maji na sabuni kwenye zulia, plagi hizo huoga pia. Mafuriko nayo huleta madhara makubwa zaidi. Mvua za Aprili na Mei 2024 zilipofurika jijini Nairobi, magari mengi yaliingiwa na maji hadi kwenye viti. Gari lililokauka juu huweza kuwa na kutu ya kijani ndani ya plagi miezi mingi baadaye.

Tatu ni viti vyenyewe. Kila unaposukuma kiti mbele au nyuma, nyaya zilizo chini yake huvutwa. Ongeza mwavuli, viatu vya watoto na chupa za soda zilizosukumwa huko chini, na plagi hulegea bila mtu kujua.

Nne ni panya. Gari lililoegeshwa muda mrefu karibu na jaa la takataka ni nyumba nzuri kwao, na ngozi ya nyaya ni chakula.

Tano ni usukani. Ndani yake kuna utepe mwembamba uliojikunja kama chemchemi ya saa, ambao hupeleka umeme kwenye eabegi huku usukani ukizunguka. Mafundi wengi huuita klokispringi. Utepe huo huchoka kwa umri, na hukatika upesi zaidi fundi anapofungua usukani bila kuuweka katikati anapoufunga tena.

ANZA KWA KUHESABU SEKUNDE

Uchunguzi wa kwanza hauhitaji chombo chochote. Keti kwenye kiti cha dereva, funga mlango, kisha zungusha ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake, lakini usiwashe injini. Itazame taa ya eabegi na uhesabu polepole. Katika magari mengi huwaka kwa sekunde sita hivi kisha huzimika yenyewe.

Ikizimika na kubaki imezimika, mfumo umejipima na kuridhika. Isipozimika, kuna kasoro iliyopo sasa hivi. Ikizimika kisha ikarudi unapopita kwenye matuta au unaposogeza kiti, shuku plagi au waya uliolegea. Isipowaka kabisa tangu mwanzo, hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote. Aidha balbu imekufa, aidha kuna mtu aliyeinyamazisha. Tutalirudia jambo hilo.

Hatua ya pili, pima betri. Kama una mita ya umeme, au jirani anayo, gari likiwa limelala usiku kucha betri nzima husoma karibu volti 12.4 hadi 12.6. Injini ikinguruma isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikiwa chini ya hapo, shughulikia betri au oltaneta kwanza. Safisha pia ule ungaunga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri na ukaze vifungo vyake. Taa ikizimika baada ya hapo, umepona kwa gharama ya betri. Hata hivyo, yako magari ambayo hukumbuka kasoro na hayaizimi taa mpaka kumbukumbu ifutwe kwa mashine.

Hatua ya tatu, piga honi. Ikiwa taa ya eabegi imewaka na honi pia imekataa, au vitufe vya redio vilivyo kwenye usukani vimekufa siku hiyo hiyo, shuku klokispringi, kwa sababu umeme wa vitu hivyo vyote hupita humo. Umegundua ugonjwa bila kufungua skrubu hata moja. Dawa yake lakini ni kwa fundi, kwa kuwa lazima eabegi itolewe kwanza.

Hatua ya nne, angalia vifungio vya mikanda. Ndani ya kifungio kuna swichi. Soda iliyomwagika, maganda ya njugu au sarafu iliyotumbukizwa na mtoto huweza kuiharibu. Funga na ufungue mkanda mara kadhaa ukiangalia dashibodi. Uchafu unaoonekana utoe kwa brashi kavu, usimimine maji.

CHINI YA KITI: FUATA KANUNI

Hatua ya tano ni kuchungulia chini ya viti vya mbele. Nyaya na plagi za eabegi karibu kila mara huwa na rangi ya manjano. Watengenezaji waliichagua rangi hiyo makusudi, ili mtu akiiona ajue kwamba amefika mahali pa hatari. Kutazama kwa tochi hakudhuru. Lakini kabla hujaigusa plagi yoyote ya manjano, fuata utaratibu huu bila kuruka hata kimoja.

Zima gari na uutoe ufunguo. Fungua boneti na uondoe waya hasi wa betri, ule wenye alama ya kutoa, uusogeze mbali ili usirudi kugusa. Kisha subiri. Kompyuta ya eabegi ina akiba yake ya umeme, iliyowekwa ili mfuko ufunguke hata kama betri imekatwa na ajali yenyewe. Toyota husema subiri angalau sekunde 90, na watengenezaji wengine husema dakika tatu. Wewe subiri dakika 10. Kunywa chai.

Baada ya hapo, sukuma plagi ya manjano taratibu kwa vidole ili uone kama imeingia hadi mwisho. Ikilia “ta!” na kushika, huenda umepata chanzo. Kama nyaya zimebanwa na reli ya kiti, au kuna kitu kinachozivuta, kiondoe. Ukiona kutu ya kijani, waya uliotafunwa au plagi iliyoungua, acha hapo hapo. Usikate, usiunganishe kwa selotepu, usipake grisi. Hiyo ni kazi ya fundi wa umeme wa magari.

Unaporudisha waya wa betri, hakikisha hakuna mtu ndani ya gari na ufunguo haumo. Halafu washa swichi ukiwa umesimama pembeni, mkono tu ukiwa ndani, kichwa na kifua mbali na usukani. Hesabu sekunde zako tena.

MAMBO MATANO YA KUKATAA

Kwanza, usipime eabegi yenyewe kwa mita ya umeme. Mita ya kawaida hupitisha umeme wake, nao waweza kutosha kukilipua kiwashio. Pili, usifungue usukani wala kifuniko cha eabegi cha upande wa abiria ukiwa nyumbani. Tatu, usichomoe wala kuchomeka plagi ya manjano betri ikiwa imeunganishwa. Nne, usiruhusu mtu kuweka kijirezista mahali pa eabegi ili kuidanganya kompyuta kwamba mfuko upo. Tano, usitoe balbu ya taa hiyo wala kuifunika.

Kuna jambo la sita ambalo si la fundi wa umeme bali la mshonaji. Kama kiti cha mbele kina kilebo cha eabegi ubavuni, ujue mfuko hutokea hapo hapo, kwenye mshono wa kiti. Kukishonea kiti chote kava nzito ni sawa na kuufungia mlango. Mwambie mshonaji aache ubavu huo wazi, au utumie kava zilizotengenezwa kwa viti vya aina hiyo.

UKIENDA KWA FUNDI

Nairobi haina uhaba wa mafundi. Kuanzia Kirinyaga Road, ambayo wengi bado huiita Grogan, hadi Kariobangi Light Industries na Industrial Area, utapata mtu wa kukuhudumia. La muhimu ni kujua la kumwuliza.

Mwulize kwanza kama mashine yake husoma mfumo wa eabegi. Vile vifaa vidogo vya bei nafuu vinavyounganishwa na simu mara nyingi husoma kompyuta ya injini peke yake. Namba za kasoro za injini huanza kwa herufi P, na zile za eabegi kwa kawaida huanza kwa B. Mtu akikuambia mashine haijaona kitu na taa bado inawaka, huenda mashine haikuuliza mahali panapofaa.

Magari mengi ya zamani ya Toyota yana njia nyingine. Fundi anayejua huunganisha matundu mawili maalumu kwenye soketi iliyo chini ya dashibodi, na taa yenyewe huanza kupepesa namba. Ikipepesa mara moja, ikapumzika, kisha ikapepesa mara nne, hiyo ni 14, yaani saketi ya eabegi ya dereva imekatika mahali, na mara nyingi mshukiwa ni ile klokispringi. Namba 31 huelekeza kwenye kompyuta ya eabegi yenyewe. Taa ikipepesa mfululizo bila kupumzika, haijaona kasoro kwenye nyaya, na kama kabla ya hapo ilikuwa inabaki ikiwaka, angalia umeme wa betri. Usijaribu kuunganisha matundu hayo kwa kubahatisha, kwani katika soketi hiyo hiyo mna tundu lenye umeme wa betri moja kwa moja.

Mwombe fundi akuandikie namba ya kasoro kwenye karatasi kabla ya kununua spea yoyote. Namba hiyo ni mali yako. Waweza kuipeleka kwa fundi mwingine na kusikia maoni yake. Kazi ikiisha, mwombe akuonyeshe kipande kilichotolewa, afute kumbukumbu kwa mashine, halafu mhesabu pamoja zile sekunde sita. Akikuambia, “Mzee, hiyo ni kitu kidogo, nitakutolea balbu tu,” mshukuru na uondoke.

UNAPONUNUA GARI LILILOTUMIKA

Hapa ndipo madhara ya kuinyamazisha taa huonekana wazi. Anayetoa balbu leo anajua kwamba eabegi yake haifanyi kazi. Lakini gari huuzwa. Anayelinunua hajui. Ataiona dashibodi safi, atawapandisha watoto wake, na ataamini kwamba anao ulinzi ambao hayupo wa kumpa.

Kwa hivyo ukienda kutazama gari, iwe kwenye yadi au kwa jirani, fanya kipimo cha sekunde kabla hata ya kusikia sauti ya injini. Taa ya eabegi lazima iwake kwanza, ndipo izimike. Kisha fanya kipimo cha pili. Zungusha ufunguo na uache bila kuwasha injini. Taa ya oili itabaki ikiwaka, lakini ya eabegi yapasa kuzimika peke yake baada ya sekunde chache. Ikibaki ikiwaka na kuzimika pamoja na ile ya oili au ya betri pindi injini inapowaka, kuna uwezekano kwamba mjanja fulani ameiunganisha na taa hiyo ili kukupumbaza.

Tazama pia kifuniko cha usukani na cha upande wa abiria. Rangi isiyolingana, kingo zilizobenuka, alama ya gundi au dashibodi iliyovalishwa ngozi mpya huweza kuwa dalili kwamba gari lilipata ajali, mifuko ikafunguka, na badala ya kuwekwa mipya pakawekwa kifuniko kitupu.

Iwapo eabegi inahitaji kubadilishwa, tahadhari na mali ya bei ya kutupa. Mwezi Julai 2024, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilitoa onyo kuhusu vijitungi vya gesi vya kubadilishia vilivyotengenezwa ovyo ng’ambo, baada ya watu 3 kuuawa na 2 kujeruhiwa vibaya sana katika muda wa miezi tisa. Wote walikuwa katika magari yaliyokuwa yamepata ajali hapo awali na kutengenezwa.

HATARI AMBAYO TAA HAIIONI

Lazima tuseme ukweli wote. Taa iliyozimika haimaanishi kwamba kila kitu ni salama. Kampuni ya Kijapani ya Takata ilitengeneza vijitungi vya gesi vilivyotumia nitrati ya amonia. Katika vingi vyavyo kemikali hiyo huharibika baada ya miaka mingi ya joto na unyevu, na mfuko unapofunguka kijitungi hupasuka na kurusha vipande vya chuma usoni na kifuani mwa msafiri. Vijitungi vipatavyo milioni 100 viliitwa virudishwe duniani kote, katika magari ya kampuni nyingi zikiwemo Honda, Toyota, Nissan na Mazda. Marekani pekee imehesabu vifo visivyopungua 28. Takata yenyewe iliomba kulindwa na mahakama dhidi ya wadai wake mwezi Juni 2017.

Kompyuta ya gari haiwezi kuiona kasoro hii, kwa sababu nyaya ni nzima. Sheria za Kenya haziruhusu kuingiza gari lililotumika ambalo limepita miaka minane tangu liandikishwe mara ya kwanza, lakini gari likishaingia huishi hapa miaka mingi. Vitz, Fielder au Fit ya miaka ya 2000 bado imeegeshwa mtaani kwako, na huenda haijawahi kuitikia mwito huo.

Dawa ni rahisi. Chukua namba ya chesisi iliyo katika kitabu cha gari. Magari yaliyouzwa kwanza nchini Japani huwa na namba fupi ya fremu, si ile ndefu ya herufi na tarakimu 17. Ipeleke kwa wakala rasmi wa kampuni iliyounda gari lako, au uitafute katika tovuti ya Kijapani ya kampuni hiyo, na uulize kama gari limewahi kuitwa kwa ajili ya eabegi na kama lilitengenezwa. Kijana wako wa sekondari anaweza kuifanya kazi hiyo kwa simu kabla chakula cha mchana hakijaiva.

SEKUNDE SITA ZA JUMAPILI

Turudi pale langoni. Taa ile nyekundu ni kama askari wa geti anayepiga kelele usiku. Huenda ni paka tu amepita. Huenda ni mwizi. Mwenye nyumba mwenye busara huamka akaenda kuangalia. Hamfukuzi askari ili apate usingizi.

Jumapili hii, kabla hamjaondoka, mpe mtoto mmoja kazi ya kuhesabu. Ufunguo uzungushwe, taa iwake, moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Ikizimika, kila mtu afunge mkanda, wadogo wakae nyuma, mwende salama. Isipozimika, bado mnaweza kufika kwa shangazi kwa mwendo wa pole, mikanda ikiwa imefungwa. Lakini Jumatatu isipite kabla mtu hajachungulia betri na zile plagi za manjano chini ya kiti.